Gazeti la Kiswahili, Kutoka Kiungani Hadi Al Wukair

Qatar na Afrika Mashariki zinatumia saa moja. Alfajiri, muuza magazeti wa Kariakoo, Dar es Salaam, anapotundika Mwananchi, Nipashe na HabariLeo, kurasa hizo hizo za mbele zinaingia kwenye simu za Watanzania na Wakenya wanaoishi Al Wukair, kusini mwa Doha. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku huzipitia akiwa bado ndani ya basi la kampuni. Zimefika kama picha katika kundi la WhatsApp, wala hakulipa hata senti. Hiyo ndiyo hali ya gazeti la Kiswahili katika zama za intaneti: wasomaji wameongezeka, wanunuzi wamepungua.

Kusoma bila kununua hakukuanza na simu. Msimulizi, lililotoka Kiungani, Unguja, mwaka 1888, Kiongozi la Tanga la mwaka 1904 na Mambo Leo la Dar es Salaam la mwaka 1923 yalisomwa kwa kupokezana, na ajuaye kusoma aliwasomea wenzake barazani. Hayo yalibebwa na misheni na serikali. Yaliyofuata, kama Ngurumo la mwaka 1959, yaliishi kwa mauzo na matangazo. Hata nakala moja ikisomwa na watu kumi, kuna mmoja aliyeilipia, na mwenye bidhaa aliyetaka kuwafikia hao kumi hakuwa na budi kumlipa mchapishaji.

Huko Ghuba, Waqatari walipata gazeti la Al Arab mwaka 1972, na wasomaji wa Kiingereza wakapata Gulf Times mwaka 1978. Wahindi wa Kerala nao walikumbukwa na wachapishaji wao: Gulf Madhyamam, gazeti la Kimalayalam, lilianza kuchapishwa Bahrain mwaka 1999. Kwa Mswahili, gazeti la nyumbani lilikuja ndani ya begi la aliyetoka likizo, habari zikiwa zimeshapoa.

Mambo yaligeuka mwaka 2009. Mkongo wa intaneti wa TEAMS uliunganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu, ukipita chini ya bahari ile ile ya majahazi, na mwaka huo huo mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Kabla ya hapo intaneti ya pwani yetu ilitegemea setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Umbali kati ya chumba cha habari na msomaji wa Ghuba ukafutika.

Umbali ulipofutika, fedha nazo zilihama. Matangazo ya kazi, ya magari na ya viwanja yalikimbilia Facebook na Instagram. Nation Media Group ya Nairobi ilizindua tovuti ya Nation.Africa mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikaanza kuwatoza wasomaji wake. Tanzania nako ziliwekwa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018. Aprili 2020 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita, na Oktoba 2024 huduma za mtandaoni za kampuni inayolichapisha gazeti hilo zikazuiwa kwa siku 30. Nakala ya karatasi ikishauzwa hairudishwi tena. Ukurasa wa mtandaoni huweza kufungwa ndani ya siku moja, na wa kwanza kuukosa ni aliye mbali.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Magazeti ya zamani bado yanasomeka katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Nyaraka za Zanzibar, kwa sababu kuna mtu aliyeyajalidi na kuyaweka rafuni. Picha za WhatsApp hufutwa simu ikijaa.

Kwa hiyo intaneti haikuliua gazeti la Kiswahili. Imelipatia wasomaji ambao meli na posta zisingewafikia, ikalinyima riziki. Wachapishaji warahisishe malipo kwa walioko ng'ambo na wahifadhi matoleo yao yote. Naye anayetuma pesa nyumbani kila mwezi kwa simu anaweza kununua gazeti kwa simu hiyo hiyo, asiridhike na ukurasa wa mbele peke yake.