Chanya Kwenye Bodi

Pampu niliyoiunguza ilikuwa ya mjomba wangu. Gari nalo lilikuwa lake: Landrova 109 ya mgongo wazi, ya katikati ya miaka ya 1960. Nilikuwa nimefika Ruangwa kukusanya masimulizi ya wazee kwa ajili ya tasnifu yangu ya umahiri kuhusu mradi wa karanga. Mjomba akanipa chumba, chakula na kazi moja. "Mjomba, wewe ndiye msomi. Soma haya maelezo ya pampu, tuifunge kabla msimu wa korosho haujaanza."

Pampu ya asili ya gari lile haihitaji umeme. Imekaa ubavuni mwa injini. Kamshafti inausukuma mkono mdogo, mkono unavuta kiwambo cha mpira, na petroli inanyonywa kutoka kwenye tangi chini ya kiti hadi kwenye kabureta. Kiwambo kikipasuka, petroli inachuruzika ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Mjomba alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akaninusisha na mimi. Oili ya namna hiyo inakuwa nyepesi kama maji, na beringi hazikawii kusagika. Kiwambo cha dukani hatukukipata. Kile alichotukatia fundi mmoja kutoka kwenye tyubu ya tairi hakikumaliza wiki mbili, kwa sababu petroli inaula mpira wa tyubu.

Basi ikanunuliwa pampu ya umeme, ndogo kama kiberiti cha jikoni, ya msukumo wa pauni mbili hivi kwa inchi ya mraba. Zaidi ya hapo kabureta inafurika. Karatasi yake ilikuwa na mistari michache tu: weka fyuzi, chukua umeme kwenye swichi ya ufunguo, waya mwekundu uende kwenye chanya, mweusi kwenye bodi ya gari.

Nikafanya hivyo hivyo. Nilipowasha swichi, pampu haikulia. Nikaigusa, ilikuwa ya moto. Kisha ikaja ile harufu ya plastiki inayoungua, ambayo mtu haisahau. Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama karatasi ilikuwa na upande wa pili.

Nieleze kidogo nilichokuwa nikiandika siku zile. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa mashine Tanganyika, maana baada ya vita Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Tume ya John Wakefield ilizunguka nchi kwa wiki chache, ikapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Kongwa, Urambo na huku Kusini. Yakanunuliwa matrekta yaliyobaki vitani Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Mizizi ya pori ikayavunja. Kufikia mwishoni mwa 1947 mengi yalikuwa yamelala gereji. Nachingwea ilikuwa na mvua afadhali kuliko Kongwa, lakini bandari na reli vilibidi vijengwe kwanza. Januari 1951 London ikatangaza kwamba mpango mkubwa umeachwa, hasara pauni milioni 36. Reli ya kutoka Mtwara ilikuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Katika rasimu ya sura yangu ya kwanza niliwaita wapangaji wale wapumbavu. Niliitumia sentensi hiyo kwa kujiamini sana.

Fundi umeme tuliyeambiwa anayajua magari ya zamani alikuwa Nachingwea. Tulikwendaje bila pampu? Mjomba alifunga dumu la petroli juu ya paa, akashusha mpira hadi kwenye kabureta, mafuta yakateremka yenyewe. Usijaribu. Njia nzima nilikuwa nikiutazama ule mpira, na kila jiwe la barabarani nililisikia tumboni.

Fundi alifunua boneti, akatazama betri, akacheka peke yake. Akanionyesha kwa bisibisi: waya mnene wa chanya ulikuwa umefungwa kwenye chesi. Hasi ndiyo iliyokuwa ikienda kwenye swichi na taa. Magari mengi ya Uingereza yalifungwa hivyo kuanzia miaka ya 1930 hadi transista na altaneta zilipowalazimisha kugeuza katika miaka ya 1960. Taa haijali umeme unatoka upande gani, lakini kifaa kidogo cha kielektroniki ndani ya pampu kinajali. Mimi nilidhani bodi ni hasi kwa sababu kila gari nililowahi kupanda bodi yake ni hasi.

"Hukuliuliza gari," alisema fundi.

Alikuwa amefundishwa na baba mkwe wake, ambaye alianza kwa kupaka grisi matrekta ya karanga. Nilitoa kinasa sauti. Akasema kwanza tumalize pampu.

Ya pili niliinunua kwa fedha yangu ya utafiti, ikanigharimu siku nne za mahojiano. Kulikuwa na njia ya kuligeuza gari zima liwe hasi kwenye bodi, lakini dainamo ingebidi ichokonolewe nayo, na Mjomba alikataa. Fundi akaigandisha pampu kwenye vipande vya mpira ili ganda lake lisiguse chesi, akapeleka waya mwekundu kwenye bodi na mweusi kwenye swichi. Akaongeza swichi inayofuata msukumo wa oili: injini ikizimika ghafla, tuseme gari limepinduka, pampu inakata badala ya kuendelea kumwaga petroli. Hilo karatasi haikulitaja.

Kisha akachukua rangi nyeupe na kuandika kwenye sanduku la betri, kwa herufi kubwa, CHANYA BODI.

Mjomba aliwasha swichi. Tik-tik-tik, haraka, kisha taratibu kabureta ilipojaa. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka zikawa mojamoja.

"Sasa mjomba," aliniambia, "muulize mzee yale ya karanga."

Fundi alikuwa anafuta mikono. Alivuta kigoda, akaanza na habari ya mizizi.