KALAMU MKONONI MWA MAMA MKULIMA

Chama kikuu kinapotimiza miaka kumi, desturi ni kuhesabu magunia na maghala. Sisi twapenda kuhesabu pia jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni kisomo cha watu wazima, hasa cha akina mama wa Ngara na Biharamulo.

Ilipofanywa hesabu ya watu ya mwaka 1967, yapata theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma, na wengi wao walikuwa wanawake. Haukuwa uvivu. Mzazi mwenye karo ya mtoto mmoja alimpeleka wa kiume; binti alibaki shambani na kisimani hata alipoolewa. Mwanamke alipalilia mibuni, akachuma na kuanika kahawa. Lakini siku ya mizani jina lililoandikwa kwenye stakabadhi mara nyingi lilikuwa la mume, na mume ndiye aliyepokea fedha.

Mwaka 1968 Serikali, ikisaidiwa na UNESCO, ilianzisha Mwanza mradi wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 waitwa Kagera. Wilaya zetu mbili zilikuwamo. Vitabu vyake vilifundisha herufi kwa njia ya pamba, migomba, uvuvi, mifugo na maarifa ya nyumbani. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa zima. Kufikia 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya 10 katika kila 100. Baadaye madarasa yalipungua, na wengi wakasahau walichojifunza.

Hata hivyo, kusoma peke yake hakumpi mtu shamba. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwanamke mmoja wa mkoa wetu alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, akashtakiwa na mtu wa ukoo wake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke anayo haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikatamka usawa huo. Wosia, hukumu na hati ni maandishi. Asiyeyasoma hutegemea ulimi wa mwingine.

Basi yatupasa kujiuliza: mama aliyejifunza kuandika jina lake, ameliandika wapi? Kanuni ya kwanza ya ushirika ni uanachama wa hiari, ulio wazi kwa wote, pasipo ubaguzi wa mume na mke. Makatibu wa vyama vya msingi na wawasomee wanachama uzito wa mazao kwa sauti, wampe stakabadhi aliyeleta mzigo, na wawaandikishe akina mama wanunue hisa kwa majina yao wenyewe. Jina la mkulima mwanamke likiisha kuingia katika daftari la wanachama, ndipo kisomo kitakapokuwa kimezaa matunda.