Kioo Kimepasuka: Kutoka Karoti za Prague hadi Pini 30 za Kariakoo

Sisi watu wa fasihi neno kioo tumelichosha. Tangu sekondari tunaandika kwamba fasihi ni kioo cha jamii, mwalimu anaweka vema, maisha yanaendelea. Mimi kioo chenyewe nilianza kukifikiria usiku ule mtoto wa kaka yangu alipoifunga kompyuta yangu mpakato huku kalamu imelala juu ya kibodi. Ulisikika mlio mdogo tu, kama njiti ya kiberiti inayovunjwa. Nilipoifungua, upande wa kulia ulikuwa na mistari ya rangi, na katikati doa jeusi kama wino uliomwagika.

"Shangazi, kalamu sikuiona," alisema, na sauti yake ilikuwa tayari ya kulia.

Ndani ya mashine ile kulikuwa na kurasa mia na ushee za hadithi za bibi yetu, nilizomrekodi na kuzichapa polepole kwa miaka miwili. Nakala nyingine ilikuwa wapi? Naomba msiniulize. Nilichomeka waya kwenye televisheni ya sebuleni, na kurasa zikatokea zote, tena kwa herufi kubwa kama tangazo la barabarani. Kumbe maneno yalikuwa salama, ila hayakuwa na pa kuonekana. Nikazihamishia kwenye flashi usiku uleule. Lakini bibi bado anasimulia, ana miaka 84, na mimi siwezi kubeba televisheni kwenda nayo kijijini.

Fundi wa kwanza aliitazama sekunde tano akasema kioo cha mashine za siku hizi hakibadilishwi peke yake. Ni kifuniko kizima, na kwa hela hiyo bora ninunue nyingine. Nilirudi nyumbani nimenuna. Halafu nikawaza: huyu kasema bila hata kushika bisibisi. Je, ni kweli? Nikasema ngoja niangalie mwenyewe.

Basi tukakaa mezani, mimi na mtuhumiwa wangu akinimulikia kwa tochi ya simu. Tulizima, tukachomoa chaja, tukatoa betri. Fremu ya plastiki inayokizunguka kioo ilikuwa na vipira vidogo kwenye pembe, na chini ya kila kipira skrubu. Baada ya hapo ni kupitisha kadi ya benki iliyokwisha muda wake pembeni, taratibu, tik, tik, tik, mpaka fremu yote ikaachia. Skrubu nne nyingine zilikishika kioo kwenye vyuma vya bawaba. Tukakilaza kifudifudi juu ya kibodi. Nyuma yake kulikuwa na bati jembamba, waya mmoja bapa ulioshikiliwa kwa selotepu, na stika yenye namba. Ni hivyo tu. Kilikuwa kimepumzika mle ndani kama picha kwenye fremu yake.

Namba hiyo nitairudia. Kwanza lile doa jeusi, maana mtoto aliuliza swali zuri: "Wino umetoka wapi?"

Hapakuwa na wino. Kioo hiki ni vipande viwili vyembamba vya kioo, na kati yao tabaka la kimiminika jembamba kuliko unywele. Habari za kimiminika hicho zinaanzia mwaka 1888 mjini Prague, kwa mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer. Alikuwa akichunguza kolesteroli aliyoipata kwenye karoti. Akapasha moto kiunga chake kimoja, kikayeyuka kwenye nyuzi 145.5, lakini kikawa na ukungu, kama maji yaliyochanganywa na maziwa. Alipofika nyuzi 178.5 kikawa cheupe kabisa, maji maangavu. Kitu kimoja, kuyeyuka mara mbili! Mtu mwingine angesema dawa zangu chafu, akamwaga. Reinitzer alimwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye kipashio, na Lehmann akaona kwamba kimiminika kile kinauchezea mwanga namna fuwele zinavyofanya. Kinatiririka, lakini ndani yake molekuli zimejipanga. Ndipo likaja jina fuwele za kimiminika.

Kwa miaka zaidi ya sabini likabaki jambo la kushangaza wasomi tu. Sijui kama Reinitzer aliwahi kuwaza matumizi. Karoti zake hazikuwa na haraka.

Waliokuwa na haraka ni kampuni ya RCA ya Marekani, iliyotaka televisheni ya kutundika ukutani. Kwenye maabara yake ya Princeton, George Heilmeier na wenzake walionyesha kuwa umeme unaweza kuamuru kimiminika hicho kipitishe mwanga au kiutawanye, na mwaka 1968 wakaita waandishi wa habari. Baadaye kampuni ikapoa. Mwenzao mmoja, Wolfgang Helfrich, alikuwa na wazo jingine ambalo pale halikupata masikio. Akahamia Basel, Uswisi, akashirikiana na Martin Schadt, na Desemba 1970 wakaomba hataza.

Wazo lao ndilo lililokuwa limepasuka mezani kwangu, kwa hiyo nilimweleza mtoto kwa miwani miwili ya jua. Si kila miwani inafaa. Ni ile inayochuja mwanga wa upande mmoja. Ukipandanisha lenzi mbili za namna hiyo, moja wima na nyingine umeilaza, unapata giza: kinachopita kwenye ya kwanza kinazuiwa na ya pili. Sasa weka katikati kimiminika ambacho molekuli zake zimejipanga kama ngazi ya mzunguko, zikisokota robo duara kutoka juu hadi chini. Mwanga unasokotwa nazo, unafika kwenye lenzi ya pili umekwisha kugeuka, unapita. Ukitia umeme, molekuli zinasimama wima, msokoto unapotea, giza linarudi. Yaani herufi nyeusi unayoisoma kwenye kioo cha namna hiyo ni mahali mwanga umenyimwa msaidizi. Na doa letu? Kalamu ilipovunja kioo, tabaka lile likavurugika, kimiminika kikaondoka mahali pake. Pasipo wa kusokota, zimebaki lenzi mbili zinazozuiana. Wino wetu ulikuwa giza la kawaida kabisa.

Shida ya miaka ile ni kwamba vimiminika vyenyewe vilikuwa vya kudeka: vingine vilitaka joto, vingine viliharibika vikipata unyevu kidogo. Aliyetuokoa ni George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtu aliyezihangaikia fuwele hizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati hazina faida kwa yeyote. Wizara ya Ulinzi ya nchi yake ikaja kumlipia utafiti, na mwaka 1973 timu yake ikatangaza molekuli zinazotulia kwenye joto la kawaida la chumba. Mwaka huohuo Sharp ya Osaka iliuza kikokotoo cha mfukoni, EL-805, kilichotumia betri moja ndogo kwa saa 100 hivi. Vikokotoo vilivyotangulia vilikuwa vinakula betri kama mchwa. Huko Dundee, Scotland, Walter Spear na Peter LeComber walionyesha mwaka 1979 namna ya kutandaza transista za silikoni juu ya kioo, ili kila nukta iwe na swichi yake. Kioo changu ni cha nukta 1366 kwa 768, na kila nukta ina rangi tatu. Piga hesabu: swichi 3,147,264. Kalamu ya shilingi mia tano!

Kompyuta ya kubeba yenyewe haikuanza na kioo hiki. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na bomba la televisheni la inchi tano, ulihitaji bega. Umbo la kitabu, kifuniko kinachofunguka na kibodi chini, lilikuja na GRiD Compass mwaka 1982. Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ikaliunganisha umbo hilo na kioo cha fuwele na bei ambayo ofisi za kawaida ziliweza kuihimili. Hapo ndipo kioo kilipokuwa mlango wa nyumba: kina bawaba, kinafunguliwa na kufungwa kila siku, na kwa hiyo kinavunjika.

Sisi huku tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, baada ya mradi wa kompyuta wa hazina kwenda mrama. Zanzibar walikuwa tayari na televisheni yao, tena ya rangi. Bara tulisubiri hadi 1994. Kizazi cha kaka zangu kilijifunza ufundi kwenye redio, kwa kufungua na kunusa kilichoungua. Skrini zilipokuja zilikuja kwa fujo, nyingi mitumba, na mafundi wa redio wakazipokea kwa mikono ileile. Nasema hivi kwa heshima, hata kwa yule aliyenikatisha tamaa.

Sasa namba. Stika ilianza na NT156WHM. Hiyo 156 ni inchi 15.6. Aliyetengeneza si mwenye jina lililo kwenye kifuniko cha mashine. Ni BOE ya Beijing, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993 na iliyoingia kwa kishindo kwenye biashara hii mwaka 2003 ilipoinunua Hydis ya Korea Kusini. Wauzaji wengi wa kompyuta hununua vioo kutoka viwanda vichache vya namna hiyo, na viwanda hutoa vipimo vinavyofanana ili kila mteja atoshe. Ndiyo maana nilienda Kariakoo na karatasi yenye namba badala ya kwenda na kompyuta. Dada wa dukani hakuniuliza ni kompyuta ya kampuni gani. Aliuliza, "Pini thelathini au arobaini?"

Swali hilo nalo lina historia. Vioo vya zamani vilipokea picha kwa njia iitwayo LVDS, ya miaka ya 1990. Vipya vinatumia eDP, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2008. Viko vya pini arobaini vya kila aina, na vichwa vyake vinafanana mno. Ukikosea kitaingia vizuri kabisa na hakitawaka, au kitaunguza kitu. Changu pini 30. Nililipa laki moja na ishirini, nikakibeba mapajani kwenye daladala kama trei ya mayai.

Kukifunga kulichukua dakika ishirini, kumi kati ya hizo zikiwa za kutafuta skrubu iliyodondoka chini ya kochi. Waya ule bapa ndio wa kuogopa: unasukumwa ulalo, sambamba na kioo, haukandamizwi kutoka juu. Kabla ya kurudisha fremu tukarudisha betri, tukawasha. Kikawaka. Mtoto alipiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna goli.

Na fundi je, alinidanganya? Nimelipima hili. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro yenye skrini ya Retina, ambayo kioo na kifuniko vimekuwa kitu kimoja. Kwa mashine ile ukipasua, kweli unanunua kifuniko kizima. Nyembamba nyingi zilizofuata zimetumia gundi badala ya skrubu. Mwaka 2021 Framework wakaenda kinyume, wakatoa mashine ambayo fremu ya kioo imeshikwa kwa sumaku, unaibandua kwa kucha. Kwa hiyo fundi alisema kweli, ila kuhusu kompyuta nyingine. Yangu ni ya kati ya nyakati hizo, mzee wa skrubu. Kosa lake ni kutoangalia, na hilo bado linaniuma, kwa sababu nilikuwa karibu kumwamini.

Kile kioo kilichopasuka mtoto aliniomba. Nilifunika upande wa vigae vyake kwa selotepu nene, tukakifungua kwa nyuma. Ndani mlikuwa na ukanda wa taa ndogo ukingoni, bamba angavu la plastiki, na karatasi nyeupe kadhaa laini za kutawanya mwanga. Karatasi hizo amezichukua zote. Moja ameibandika dirishani kwake, na ya pili anasema ni ya bibi, tutampelekea Desemba tukienda kurekodi.