Kusoma, Msomi na Maktaba: Historia Fupi ya Matumizi ya Maktaba katika Migori na Homa Bay

Utangulizi

Mzazi wa Kiswahili akisema kwamba mwanawe "anasoma Kisumu", hakuna anayedhani kwamba kijana huyo ameketi mahali fulani mjini Kisumu na kitabu cha hadithi mkononi. Hueleweka papo hapo kwamba yuko shuleni au chuoni. Kitenzi kusoma kimebeba maana mbili: kuyatamka au kuyafahamu maandishi, na kuhudhuria masomo. Dholuo, ambayo ndiyo lugha ya walio wengi katika Migori na Homa Bay, ina neno lenye sura na maana iyo hiyo. Somo ni kusoma maandishi na pia kwenda shule, na jasomo ni mtu aliyeelimika, yaani msomi.

Makala haya yanadai kwamba uhusiano wa wananchi wa sehemu hizi na maktaba hauwezi kueleweka vyema bila kuanzia na kitenzi hiki. Imekuwa desturi ya wahakiki, walimu na wachapishaji kulalamika kwamba wananchi wetu hawana "utamaduni wa kusoma". Ushahidi unaotolewa mara kwa mara ni maktaba zenyewe: wanafunzi huzijaza mitihani inapokaribia, kisha huzihama. Tutajaribu kuonyesha kwamba lalamiko hilo hugeuza tokeo kuwa chanzo. Wananchi hawakuikataa maktaba. Waliitumia kwa maana ile ile ya kusoma ambayo misheni, shule na serikali ziliwafundisha.

Migori na Homa Bay zilikuwa kwa miongo mingi sehemu za wilaya moja, Nyanza Kusini, kabla ya wilaya hiyo kugawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu 2013 kila moja ni kaunti. Tunazichukua pamoja kwa sababu historia yao ya maandishi ni moja.

Uchapaji uliotangulia maktaba

Jambo la kwanza ambalo lalamiko hilo husahau ni kwamba huku Nyanza Kusini mtambo wa kuchapisha ulifika mapema sana. Mwaka 1906 wamisionari wa Kiadventista, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada, walianzisha kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay. Kufikia 1913 kituo hicho kilikuwa na mtambo mdogo wa kuchapishia, na mtambo huo ndio uliokuja kuzaa shirika la uchapishaji la kanisa hilo. Hivyo, mwanafunzi wa fasihi anayeitazama Kendu Bay kama gati la zamani tu, au kama mji wa biashara wenye jamii ya Waislamu ya miaka mingi, hana budi kuiongezea sifa ya tatu: ulikuwa pia mji wa karatasi na wino.

Usomaji uliozaliwa katika mazingira hayo ulikuwa na sura maalumu. Katika misheni nyingi za Kiprotestanti, kujifunza kusoma na kujitayarisha kwa ubatizo vilikwenda pamoja. Huko Buganda, katika karne ya 19, Wakristo wa kwanza waliitwa "wasomaji" kwa lugha yao, na kwa Wajaluo vilevile neno josomo liliwahusu watu wa misheni kabla ya kuwahusu wenye vyeti. Tangu mwanzo, kusoma kulimaanisha kubadili hali: kutoka kundi moja la watu na kuingia jingine. Msomaji hakuwa mtu anayejiburudisha. Alikuwa mtu anayevuka.

Hata hivyo, waliovuka hawakukoma katika kupokea. Mwaka 1938 Paul Mboya, mchungaji wa Kiadventista aliyekuwa pia chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha Dholuo kuhusu mila na desturi za Wajaluo. Tukumbuke mahali alipoandikia. Karachuonyo imo katika Homa Bay ya leo. Mtu aliyelelewa na misheni alikitumia chombo cha misheni kuyahifadhi yale ambayo misheni mara nyingi iliyatilia shaka. Kazi hii ilipata mwandishi, mchapishaji na wasomaji katika eneo ambalo wakati huo halikuwa na maktaba hata moja ya umma. Basi hapakosekani maandishi wala wasomaji katika historia hii. Kilichokosekana ni mahali pa umma pa kuyaweka maandishi hayo.

Masanduku kutoka Nairobi

Mpango wa maktaba ulipokuja, ulikuja kutoka juu. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Kwa Waafrika, serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1948, kufuatia uchunguzi wa Elspeth Huxley kuhusu mahitaji ya vitabu vya Waafrika. Mbali na kuchapisha, shirika hilo lilikuwa na huduma ya maktaba: masanduku ya vitabu yalipelekwa katika shule na kumbi za jamii, na msomaji wa mbali aliweza kuazima kwa posta. Ripoti ya Sidney Hockey ya mwaka 1960 ilipendekeza huduma za kitaifa, na zikafuata sheria za maktaba: Tanganyika mwaka 1963, Uganda 1964 na Kenya 1965. Bodi ya Kenya ilianza kazi mwaka 1967.

Hatuna nia ya kuibeza huduma hiyo. Sanduku la vitabu lililofika katika shule ya mbali lilikuwa neema. Lakini linafaa kutazamwa kwa jicho la mhakiki, kwa sababu lilikuwa na mwelekeo mmoja tu. Vitabu vilichaguliwa Nairobi, vikasafiri hadi Nyanza, vikasomwa, vikarudishwa. Hapakuwa na njia ambayo kwayo andiko la Karachuonyo, la Rusinga au la Kuria lingewekwa katika sanduku hilo na kusafiri kwenda kwingine. Mwananchi alizoea kuiona maktaba kama kitu kinacholetwa, na yeye kama mtu wa kupokea. Msimamo huo haukubadilika sana baada ya uhuru, kwa kuwa matawi ya kitaifa yaliendelea kupokea vitabu vilivyoteuliwa makao makuu.

Ukumbi wa mtihani

Huduma ya taifa ilijengwa kutoka mijini kwenda mashambani, na Kisumu ilipata tawi lake mapema. Baadaye matawi ya kijamii yalifika pia vituo vidogo, kama vile Awendo katika Migori, mji uliokua pamoja na kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini. Katika matawi ya aina hii nchini kote, jambo moja limeonekana tena na tena: wengi wa wanaoingia ni wanafunzi, na wengi wa wanafunzi huja na vitabu vyao wenyewe. Hawaji kuazima. Wanakuja kutafuta meza, mwanga na utulivu. Paul Sturges na Richard Neill, katika kitabu chao cha mwaka 1990 kuhusu maktaba za Afrika, waliona pengo kati ya maktaba zilizojengwa kwa mfano wa Ulaya na mahitaji halisi ya jamii. Mwanafunzi mwenye daftari lake ndiye sura ya pengo hilo.

Wapo wanaomdharau mwanafunzi huyu, wakisema kwamba anaigeuza maktaba kuwa darasa. Dharau hiyo haina msingi. Katika nyumba isiyo na umeme, yenye chumba kimoja na ndugu watano, meza iliyo kimya ni bidhaa adimu kuliko riwaya. S. R. Ranganathan wa India alisisitiza mwaka 1931 kwamba vitabu vipo ili vitumike. Tunaweza kuongeza kwamba hata kiti cha maktaba kipo ili kitumike, na mwanafunzi wa Awendo amekitumia ipasavyo.

Isitoshe, sisi tunaofundisha fasihi tumechangia sana kumuumba msomaji huyu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika mitihani. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa lugha. Lakini kwa vijana wengi wa Migori na Homa Bay, ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, riwaya na tamthilia za Kiswahili ziliwafikia kwa mara ya kwanza zikiitwa vitabu teule, zikiandamana na mwongozo wenye maudhui na wahusika vilivyoorodheshwa tayari. Mtahini akishaondoka, kitabu nacho kimemaliza kazi. Tukilaumu kwamba msomaji hurudisha riwaya na harudi tena, tukiri kwamba ni sisi tuliomwambia riwaya ni ya nini.

Wasioingia

Nje ya ukumbi wamo watu wengi zaidi. Mvuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa taa juu ya ziwa, na mchana hulala au hutengeneza nyavu. Mwanamke anayeinunua omena huianika jua likiwaka na kuipeleka sokoni. Mkulima wa miwa au wa tumbaku huko Migori yuko shambani saa zile zile ambazo milango ya ofisi za serikali iko wazi. Maktaba inayofuata saa za ofisi imeshachagua wasomaji wake kabla hawajafika mlangoni.

Saa si kizuizi pekee. Tukirudi kwenye kitenzi chetu, tutaona kwamba mtu aliyeacha shule amekwisha kutengwa na neno kusoma lenyewe: "aliacha kusoma". Akiambiwa kwamba jumba lile ni la kusomea, anaelewa kuwa si lake. Mara nyingi mtazamo wake si wa kuidharau maktaba. Ni heshima, lakini heshima ya mbali, kama ile anayopewa mgeni wa serikali. Na hali mtu huyo huyo ana kitabu cha nyimbo za kanisa, huweka daftari la chama, na husikiliza gazeti likisomwa kwa sauti na kujadiliwa kwa kinyozi. Huko ni kusoma, ila kuna sauti na kuna mabishano, vitu viwili ambavyo kanuni ya kimya ya maktaba huvikataza.

Ulinganisho na jirani unatusaidia. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania, kampeni za elimu ya watu wazima za Tanzania katika miaka ya 1970 zilieneza neno kisomo, na kando yake zikaanzishwa maktaba za vijiji. Nyingi kati ya hizo zilikuja kukosa vitabu, na hatupendi kuzipamba. Lakini neno lenyewe lilimpa mtu mzima nafasi ya kusoma bila kurudi utotoni. Kenya iliunda Idara ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1979, lakini mitaani madarasa hayo yalijulikana zaidi kama ngumbaru, neno lisilokosa kejeli. Si ajabu basi kwamba mtu mzima husita kuonekana na kitabu mahali pa hadhara.

Kinachopotea

Athari ya historia hii haiishii katika idadi ya wanaoingia maktaba. Inagusa uhai wa maandishi. Sheria humtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu chake kwa serikali, lakini nakala hizo huenda Nairobi. Vijitabu vya Dholuo vilivyotolewa kwa nakala chache, mahubiri, historia za koo, kumbukumbu za mabaraza na daftari za walimu wa zamani vimo masandukuni chini ya vitanda. Mwenyewe akifariki, hufuatana na mchwa au hufungia karanga sokoni. Kisuba, lugha ambayo kwa kiasi kikubwa imemezwa na Dholuo katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, hakina hata akiba hiyo ya kutosha. Haishangazi kwamba huko Mfangano wanajamii walijiundia makumbusho yao wenyewe. Walipotaka kuhifadhi urithi wao, hawakuiendea maktaba, kwa maana maktaba haikuwahi kujitambulisha kwao kama mahali pa kuhifadhi chochote chao.

Hapa ndipo neno maktaba linapotusuta. Asili yake ya Kiarabu imo katika kuandika, na si katika kwenda shule. Jina limeahidi jumba la maandishi, nasi tukajenga jumba la mtihani.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 iliorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa mara ya kwanza tangu masanduku ya miaka ya 1950, uamuzi kuhusu kitakachowekwa rafuni Migori na Homa Bay unaweza kufanywa huko huko. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, meza ya mwanafunzi ibaki, kwani ni haki yake. Pili, kila maktaba iwe na rafu ya maandishi ya mahali pale, kwa Dholuo, Kikuria, Kisuba, Kiswahili na Kiingereza, na iwe na utaratibu wa kunakili yaliyomo majumbani bila kuwanyang'anya wenyewe. Tatu, kuwe na chumba na saa za jioni ambapo kusoma kwa sauti kunaruhusiwa.

Idara za fasihi nazo zina deni. Tumewapeleka wanafunzi wetu nyanjani kurekodi ngano na nyimbo kwa bibi na babu zao, na tumefanya vyema. Ni nadra kuwaambia wamuulize bibi huyo huyo ni karatasi gani alizoacha babu. Mjukuu anayekesha maktabani akijiandaa kwa mtihani huenda anatoka katika nyumba yenye sanduku ambalo hajalifungua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kulifungua nako ni kusoma.