Misheni Yatima: Historia Fupi ya KKKT na Karama Zilizoilea

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana yakawa kanisa moja, hili tunaloliita leo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Kila kumbukumbu ya siku hiyo inapofika, historia husimuliwa kwa kurukia vileleni: wamisionari wa Kijerumani waliofika Dar es Salaam mwaka 1887, wa misheni ya Leipzig waliopanda Kilimanjaro 1893, wa misheni ya Bethel waliofika Bukoba 1910; kisha maaskofu, kisha hospitali ya KCMC iliyofunguliwa 1971. Tarehe hizo ni sahihi, ila zinaruka swali gumu kuliko yote. Waasisi wa kazi hii waliondolewa nchini mara mbili kwa sababu ya vita. Nyumba ambayo fundi amefukuzwa kabla ya kuezeka, tena mara mbili, ilisimamaje? Hoja ya makala haya ni kwamba ilisimama kwa sababu karama za kulihudumia kanisa zilikuwa zimekwisha kutawanyika katika mikono mingi, mingi yake ya watu ambao hawakuwahi kuvaa joho.

Neno lenyewe lafaa kutazamwa kidogo. Karama, ukarimu na karamu ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho walioanza kujivunia vipawa vyao, aliwapa mfano wa mwili: jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Kwa maana hiyo karama si cheo wala si mali ya mwenye nayo. Ni kitu kinachowekwa mezani ili wengine wale.

Meza hiyo ilipimwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata. Kufikia 1920 Wajerumani walikuwa wameondoshwa, na Walutheri wa Marekani wa sinodi ya Augustana waliokuja baadaye Kilimanjaro walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa kama lile. Walutheri duniani walikuwa na jina la misheni za namna hii: misheni yatima. Yatima huyu, hata hivyo, alikuwa na walezi. Mwalimu wa shule ya kijijini ndiye aliyefundisha kusoma siku za kazi, akaongoza ibada Jumapili, akafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kuzika wafu. Wazee wa kanisa walipatanisha waliogombana. Bukoba ushahidi ni mkubwa zaidi, maana huko kanisa lilimtangulia mmisionari: Wahaya waliojifunza kusoma upande wa Buganda walikuwa wakikusanyika kuzunguka vitabu vya Kiganda kabla Bethel haijafika. Andrea Kajerero, mmoja wa viongozi wa kundi hilo, alikuwa nguzo ya Wakristo wa huko miaka mingi kabla ya kuwa mchungaji. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena Vita ya Pili ilipozuka, na mara hii pia sharika hazikufa.

Kuna atakayesema hiyo ilikuwa dharura tu: asiye na mchungaji hujichunga mwenyewe, na tusiipambe shida kwa jina la karama. Pingamizi hili lina uzito, lakini dharura haiumbi uwezo, huufichua. Kama ujuzi wa kufundisha, kuimba, kufariji na kusuluhisha usingekuwamo tayari, kuondoka kwa wageni kungeacha majengo matupu. Mwingine atasema sifa ni ya wamisionari waliowaandaa. Sehemu fulani, ndiyo. Bruno Gutmann, aliyekaa na Wachaga kwa miaka mingi, alipanga usharika kwa kufuata ukoo, ujirani na rika, akakataa kumfanya Mkristo kuwa kisiwa. Wengine wamemlaumu, na nadhani kwa haki, kwamba aliipenda mila kiasi cha kuwataka Wachaga wasibadilike. Lakini hata yeye hakuvibuni vifungo hivyo. Alivikuta.

Pingamizi zito zaidi ni la utaratibu. Karama zikiachiwa kila mtu, husemwa, kanisa hupasuka. Uamsho uliotoka Rwanda na kufika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930 ulileta toba na ushuhuda wa hadharani, lakini pia ulileta mivutano na wengine wakajitenga. Na mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu wa KKKT kwa shilingi 500, wengine wakiwa wameacha dawa zao za hospitali. Siyakatai hayo. Nasema tu kwamba Loliondo inaonyesha hatari iliyo kinyume na ile inayodaiwa: pale karama ilitazamwa kama ya mtu mmoja, na umati ukawa mtazamaji. Uamsho, kwa upande wake, haukulivunja kanisa la Bukoba. Josiah Kibira, aliyekuwa mtu wa Uamsho, ndiye aliyekuja kuwa askofu wake, na mwaka 1977, mkutano ulipofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Pale KKKT ilipokosea kweli ni pale ilipozibania karama. Wanawake walibeba kwaya, ziara za wagonjwa na sehemu kubwa ya mnada wa ndizi, mayai na kuku baada ya ibada, lakini ilikuwa hadi mwaka 1990 ndipo kanisa lilipokubali wabarikiwe kuwa wachungaji. Penye mlango wazi matunda yalionekana mapema. Mwaka 1966 mwanafunzi wa chuo cha theolojia cha Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa sauti ya kwao, na leo unaimbwa katika lugha nyingi nje ya Tanzania.

Wachungaji na maaskofu wa kwanza majina yao yako vitabuni. Ya walimu wa miaka ya yatima yamo katika madaftari ya ubatizo, mengi yakiliwa na mchwa kwenye makabati ya ofisi za sharika. Wewe msomaji ambaye usharika wako una daftari la namna hiyo, lifungue, uyanakili majina hayo kabla ya sikukuu ijayo.