Nasaba ya Kalimati za Nyegezi

Waturuki hujifaharisha, na haki wanayo, kwa maandazi yao matamu ambayo kila moja lina mji wake: baklava ya Gaziantep iliyojazwa pista, ambayo mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliikubali kuwa ni ya mji ule kwa jina na kwa asili, na lokma ya Izmir, tonge la unga lililokaangwa na kuzamishwa katika shira, ambalo wenyeji hulipika njiani na kuwagawia wapitao bure ili thawabu zimfikie maiti wao. Ajaye Nyegezi, kusini mwa mji wa Mwanza, asitaraji baklava. Lokma ataikuta, ila huku yaitwa kalimati, wala hapana Mturuki aliyeileta.

Babu yao ni mmoja. Katika kitabu cha mapishi alichokiandika al-Baghdadi mwaka 1226, kabla ya dola ya Uthmaniya kuzaliwa, limo andazi liitwalo matonge ya kadhi. Tawi moja likashika njia ya Anatolia, na jingine likashuka Ghuba hata Omani, likavuka bahari kwa pepo za kaskazi hata Unguja na Lamu, ambako kalimati haikosekani katika futari.

Kutoka pwani kuja ziwani njia ilikuwa ya misafara: Bagamoyo hata Tabora, ambako Waarabu walilima ngano yao wenyewe (mkate, bila shaka, hawakuwa tayari kuuacha), kisha kaskazini hata Kageyi, alikofika Stanley mwaka 1875. Lakini ngano ile ilikuwa ya sinia za matajiri, nami nasadiki ya kuwa kalimati haikuwa ya watu wote mpaka reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, unga na sukari vikawa bidhaa za dukani.

Mpishi hodari hana haja ya kijiko: huupiga kwa kiganja unga wenye hamira na iliki hata uvutike, akauacha uumuke, kisha huchovya vidole majini, akafumba ngumi na kuukamua utokeze juu ya kidole cha shahada, tonge likaangukia mafutani. Shira ya Izmir ni nyepesi. Ya kwetu hupikwa hata igande nyeupe juu ya tonge, nayo kwa rai yangu yaishinda.

Hata hivyo, asubuhi za Nyegezi kalimati ina mpinzani, nacho ni kitumbua, kwa kuwa Usukuma ni nchi ya mpunga, na mchele uliorowekwa na kusagwa hautoki mbali. Kinachosafiri kutoka pwani ni nazi ya tui lake.