Kigoda na Fundi Wake katika Nyanda za Juu Kusini

Kiti ni chombo cha nyumbani, lakini lugha yetu imekipa cheo kikubwa. Anayeongoza mkutano tunamwita mwenyekiti, na mamlaka ya mfalme tunayaita kiti cha enzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanzisha mwaka 2008 nafasi ya heshima ya taaluma kwa jina la Mwalimu Nyerere, kiliiita Kigoda. Neno hilo la watu wa kawaida lilionekana kuwa linatosha kubeba heshima hiyo yote. Katika insha hii tutavitazama vigoda na viti vya Iringa na Mbeya, kisha tutajiuliza kwa nini heshima ya kiti haikumfikia fundi aliyekitengeneza.

Tuanze na Iringa. Kigoda cha Kihehe kinachofahamika zaidi kina kikalio cha mviringo na miguu mitatu, na chote huchongwa kutoka gogo moja. Hakina msumari wala gundi. Na kwa kuwa hakina kiungo, hakina pahala pa kulegea. Miguu mitatu nayo ina hekima yake. Kiti cha miguu minne huyumba juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, bali cha miguu mitatu hutulia. Mwanafunzi huukuta ukweli huo katika somo la jiometri, kwamba nukta tatu zisizo katika mstari mmoja hukaa daima katika bapa moja. Mchongaji aliujua kwa mikono yake kabla ya kitabu kufika kijijini.

Kazi yenyewe yataka subira. Mti mbichi ni laini kwa shoka na tezo, lakini ukianikwa juani sehemu ya nje hukauka na kujikaza kabla ya ndani, nao hupasuka. Ndiyo sababu mchongaji hukiacha kigoda kikauke kivulini polepole. Kabla ya karatasi ya msasa kuuzwa madukani, mafundi wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki walilainisha mti kwa majani yakwaruzayo ya mti uitwao msasa. Karatasi ilipokuja, ilirithi jina la mti huo.

Huko Mbeya, katika milima ya Rungwe, Wanyakyusa walisifika kwa ufundi wa mianzi. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita nchi hiyo mwaka 1879, alistaajabia usafi wa vijiji vyao na uzuri wa nyumba zao. Kuchagua mwanzi uliokomaa, kuupasua bila kuuvunja na kuufunga ukakaza ni elimu isiyopungua ile ya mchongaji, nayo hufaa katika nyumba na katika viti pia. Tangu mwaka 1891, wamisionari walipoingia Rungwe, elimu hiyo ilikutana na useremala wa msumeno na randa, na kiti cha miguu minne chenye egemeo kikawa alama ya shule na ofisi. Polepole kigoda kikasogezwa jikoni, na baadhi yetu wakakiona kuwa ni kitu cha ushamba.

Lakini wakati sisi tulipokuwa tukikidharau, wengine walikitafuta. Mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya utawala wa Wajerumani, kiti kirefu cha mtemi kutoka Unyamwezi kilipelekwa Berlin, na hadi leo jina la aliyekichonga halijulikani. Mwaka 1921 Marcel Breuer na Gunta Stölzl, wanafunzi wa shule ya Bauhaus huko Ujerumani, walitengeneza kiti walichokiita cha Kiafrika. Katika miaka hiyo ya 1920 Pierre Legrain wa Paris aliwachongea matajiri vigoda vilivyofuata maumbo ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Viti hivyo vya anasa hutajwa pamoja na majina ya mafundi wake. Kigoda cha kwetu, kikiwa katika jumba la makumbusho, aghalabu huandikiwa jina la kabila tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Nasi tunaongeza kwamba fundi asiye na jina hana sauti katika bei yake.

Hatusemi kwamba kila nyumba irudie gogo moja. Kigoda cha namna hiyo hutaka shina nene, na sehemu kubwa ya mti huishia kuwa vibanzi. Mninga nao haukui upesi. Shamba la Sao Hill wilayani Mufindi, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, hutoa mbao za misindano zinazofaa kuunganishwa. Seremala kijana anaweza kuzitumia mbao hizo na bado akafuata umbo la wazee wake.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitutaka tuyatafute yaliyo mema katika mila zetu. Kazi hiyo haijakwisha. Kila mwalimu wa Iringa na Mbeya anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa wazee wakaulize: kigoda hiki ni cha mti gani, kilichongwa kwa zana zipi, na nani alikichonga? Jibu la swali la mwisho liandikwe kwanza, maana wanaolikumbuka wanazidi kupungua. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya kigoda ni mtu.